Nimepokea

Sanduku lao lilikuwa jeusi, kwenye karatasi inayong'aa,
halina hata skrubu ya kufungulia.
Mchuuzi alinywa soda mbili za hospitali,
akasema: dola elfu thelathini na mbili, na leseni kila mwaka.
Sista Ntakwinja wa hesabu akacheka
hadi miwani ikamtoka.

Mimi nilikuwa na seva yangu ya kuungaunga,
bati lake limetoka ofisi iliyofilisika kule Nguba,
diski sita, mbili kati yake zikikohoa,
na kompyuta kumi na moja zikiinyonya kwa pamoja
kama watoto wa nguruwe.
Daktari Cishugi alibofya picha ya mguu uliovunjika,
akaenda kunywa chai, akarudi, mguu haujafika.
"Murhula, hii mashini yako iko natulalisha."

Nikakesha nayo, mvua ikiushusha udongo wa Kadutu.
Nilipima. Kukisia nilikwisha kisia miaka miwili.
Kebo moja ilikuwa imeonjwa na panya,
ikipitisha sehemu moja ya kumi ya wajibu wake.
Makarani wa kupokea maombi walikuwa wanane;
nikawaita sitini na wanne.
Nikaongeza kumbukumbu, vijiti vinne vya mtumba,
ili picha ya asubuhi isichimbwe upya mchana.
Kusoma kukawa mbio.
Kuandika, bado kobe.

Maana seva mwaminifu haisemi "nimepokea"
mpaka diski imezunguka, sindano imegusa, jambo limekaa.
Ipo njia ya mkato, neno moja tu katika faili la mipangilio:
iruhusu iseme "nimepokea" mzigo ungali mkononi.
Nikaliandika. Seva ikaruka.
Cishugi akaninunulia mishikaki.

Jumanne saa nane mchana, Sneli wakakata.
Betri ya akiba, niliyoapiwa kuwa ni mpya, ilidumu pumzi tatu.
Picha saba zilikuwa zimepokelewa kwa mdomo tu.
Moja ilikuwa kifua cha Mama Nsimire,
aliyeshuka kutoka Kabare kwa miguu, akikohoa kila kona.
Nilimwambia mwenyewe. Hakugomba.
Aliuliza tu:
"Sasa kifua yangu imeenda wapi?"

Mama yangu aliuza sambaza soko la Nyawera.
Wakopaji walipomzonga hakufungua daftari kubwa;
alikuwa na kijitabu ndani ya kitenge,
kalamu ya risasi imefungwa kwa uzi:
jina, vikombe, basi, mwingine aje.
Usiku, kando ya taa ya petroli, alihamisha yote
polepole, kwa mwandiko wa shule.
Siku aliyoanguka mtoni samaki walikwenda, viatu vilikwenda,
kijitabu alikirudisha kikavu, amekishika juu ya kichwa.

Hapo nikalielewa lile sanduku jeusi.
Tumboni lina kijitabu chenye betri.
Mengine mengi ni rangi.

Nikatafuta diski ndogo isiyozunguka,
ile iliyofungiwa pumzi ya akiba ya kumalizia sentensi gizani.
Dola mia na tisini. Sista akalipa bila kucheka.
Kila kinachofika kiandikwe humo kwanza, upesi,
kisha diski kubwa zihamishe kwa wakati wao.
Nikafuta lile neno la uongo.

Kusema kweli, sanduku lao bado lingetushinda:
picha yangu sekunde mbili, yao moja na robo.
Tena wao wana mtu wa kupigiwa simu likiharibika;
huku simu yenyewe ni mimi.

Ijumaa Mama Nsimire alirudi,
akasimama tena mbele ya bamba baridi, akabana pumzi.
Nilikuwa nyuma ya ukuta, kidole kwenye swichi ya seva.
Taa ya kijani ikapepesa: nimepokea.
Nikazima.
Nikahesabu hadi ishirini, nikimsikia Cishugi akiwatukana Sneli,
nikawasha.

Kifua kilikuwepo. Mbavu zote,
na lile doa.